Chumvi ya Ngamia

Mtu akiniuliza kwa nini siku hizi sifugi kuku, namjibu kwamba Garissa ina joto. Jibu hilo halipingwi. Kila mtu hapa analijua jua letu, anatikisa kichwa, anasema "Wallahi ni kweli," na mazungumzo yanahamia bei ya sukari. Nimelitumia mara nyingi mno. Lakini kuku wangu hawakufa kwa joto, na nimechoka kulibeba jambo hili peke yangu.

Nianze na ngamia, kwa sababu kuku wale walitoka kwa ngamia. Mama yangu ni mjane, anakaa Tarbaj, nami ndiye mtoto wake wa pekee. Zamani alikuwa na kundi. Ukame ulikuja ukakaa, msimu baada ya msimu mvua ikipita mbali, na ngamia wakaenda mmoja mmoja mpaka akabaki jike mmoja mwekundu, mbishi, mwenye tabia ya kuuma watu asiowajua. Mama alimpa huyo ngamia maji kabla ya kunywa yeye. Alimsimulia habari za siku. Nikimpigia simu nilikuwa nasikia habari za ngamia kwanza, halafu za mwili wake.

Mimi nilikuwa Garissa, nimeachika, nafagia ofisi za watu na kupika chai. Nilikuwa na kiwanja kidogo nyuma ya nyumba na kichwa kilichojaa maneno ya redio. Redio ilisema kuku wa nyama wanakua kwa wiki sita. Wiki sita! Ngamia hubeba mimba zaidi ya mwaka. Nikaanza kumsumbua mama. Nilimwambia, "Hooyo, ngamia mmoja si mifugo, ni mgonjwa unayemuuguza." Kwetu sisi Wasomali mtoto humwita mama yake hooyo, na mama naye humwita mtoto wake hooyo hivyo hivyo, kwa hiyo tulibishana miezi mitatu tukiitana jina moja. Mwisho akasema, "Haya, hooyo. Wewe umesoma."

Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nane. Hilo ndilo lililomshinda.

Alimpeleka ngamia mnadani Wajir yeye mwenyewe. Wanaume walimcheka waliposikia anamuuza ili anunue kuku. Kwetu kuku si mnyama wa kuhesabiwa. Mwanamume akionekana anamfukuza kuku, hadhi yake imekwisha siku hiyo. Mama aliwajibu kwamba ngamia wake hajauzwa, amegeuzwa tu, na kuanzia siku hiyo akawa anaitania hali yake mwenyewe. Akipiga simu alikuwa anauliza, "Ngamia wangu ana miguu mingapi leo?" Nami nilihesabu kuku, nazidisha mara mbili, namjibu. Alikuwa anacheka mpaka anakohoa.

Kuku wa kwanza niliwalisha chakula cha dukani, na wakanenepa vizuri kweli. Wenye hoteli waliwachukua wote. Lakini chakula kile kinatoka mbali kwa lori, na mwaka ule barabara ilikatwa na maji ya mafuriko, malori yakalala ng'ambo kwa majuma. Kilichokuwa dukani kikapanda bei kama moshi. Kuku wakala faida yao yote kabla hawajachinjwa, wakanirudishia kiasi cha kununua vifaranga wengine na si zaidi. Nikaona wazi kwamba nikiendelea hivyo nimemgeuza ngamia wa mama kuwa vumbi la mahindi.

Ndipo nikamwendea afisa wa mifugo, mama mmoja wa kutoka Machakos, mtulivu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinisikiliza, akanyoosha kidole dirishani. Nje ya dirisha kulikuwa na mathenge.

Asiyeijua mathenge namhurumia na pia namwonea wivu. Ni mti wa miiba ulioletwa kuzuia jangwa, ukazuia kila kitu. Umefunga njia, umefunga malisho, mwiba wake unatoboa tairi na kiatu. Mbuzi wakizoea maganda yake matamu meno yanaoza na kung'oka, wanabaki na midomo ya vikongwe. Nimeulaani mti huo tangu utotoni. Sasa afisa ananiambia kwamba maganda yake, yakikaushwa na kusagwa vizuri, yanaweza kushika nafasi ya sehemu ya mahindi kwenye chakula cha kuku. Sehemu tu, alisisitiza. Utie na pumba, mashudu ya alizeti, dagaa waliosagwa, na unga wa mifupa iliyochomwa, ambayo machinjioni wanaitupa.

Aliniandikia kila kitu kwenye karatasi, kipimo kwa kipimo. Mwisho kabisa aliandika: chumvi, kijiko kimoja kidogo kwa ndoo, na ukitumia dagaa wenye chumvi usiweke kabisa.

Niliisoma karatasi ile nikacheka moyoni. Kijiko! Mimi nimezaliwa na watu wanaopeleka ngamia mwendo wa siku tatu kwa ajili ya chumvi, wanaopima chumvi kwa gunia, na mtu wa miwani ananipimia kwa kijiko cha chai. Nilijua mengi kuhusu mifugo kuliko yeye, hivyo nilidhani. Yeye alijifunza darasani, mimi nilijifunza nyuma ya mikia ya ngamia.

Basi nikaokota mathenge. Niliokota asubuhi kabla ya kwenda kufagia na jioni nikirudi, kando ya uwanja, kando ya mto, mikono ikavimba kwa miiba. Nilianika maganda juu ya mabati mpaka yakavunjika kwa kidole. Mwenye kinu cha kusagia alinikataa siku ya kwanza. Maganda yana utomvu wa sukari, yasipokauka kabisa yanaganda ndani ya mashine. "Hii mathenge yako imeziba chujio yangu yote," alinipigia kelele, "wee mama unataka nisage nini kesho, mawe?" Nikarudi kuyaanika tena siku mbili. Safari ya pili alisaga, akiguna. Unga ulitoka wa rangi ya hudhurungi, unanukia kama sukari nguru iliyoungua kidogo. Nilisimama pale nikiunusa na nilifurahi sana. Mti uliotumaliza ungetulisha.

Na kuku waliula. Hilo nalisema kwa haki ya mathenge, maana watu hapa wanapenda kuulaumu mti huo kwa kila kitu. Waliula, wakawa wazima, macho makali. Ila hawakukua haraka kama wale wa kwanza. Wiki ya tatu walikuwa wadogo, wiki ya nne unawashika kifua unahisi mfupa. Nilimwita afisa akaja kuwaona. Aliwapima, akasema hawana ugonjwa, wako nyuma kidogo tu, chakula cha namna hii kina makapi mengi na kinataka subira. "Wape wiki mbili zaidi, dada," alisema. "Usibadilishe kitu."

Wiki mbili tu. Sikuombwa mwaka.

Lakini mama alikuwa anapiga simu. Hakuwa na mnyama wa kuamkia tena, kwa hiyo aliamkia simu. Kila siku aliuliza ngamia wake amefika wapi, na kila siku nilimjibu bado. Nikaanza kuuogopa mlio wa simu yangu. Siku moja, ili nisionekane mzembe, nilimweleza kwamba kuku hawaongezeki uzito na tena wana tabia ya ajabu, wanadonoa ukuta. Nilikuwa nimepaka chokaa ukuta wa banda, nao walikuwa wakiudonoa asubuhi mpaka jioni.

Mama akauliza, kwa sauti ile ya zamani, sauti ya kisimani, ambayo sikuwa nimeisikia tangu kundi liishe: "Ukuta una ladha gani?"

"Sijaulamba, hooyo."

"Mnyama anayelamba mawe ametaka chumvi. Ngamia akikonda na huku anakula, ametaka chumvi. Hilo hata mtoto anajua. Umewanyima chumvi."

Nami nilijua hivyo hivyo. Ndiyo aibu yenyewe. Hakunifundisha kitu kipya, alinikumbusha. Nimewaona ngamia waliokonda wakipelekwa kwenye ardhi ya chumvi wakarudi wananawiri. Nilimuuliza tu, "Na kuku je?" Akasema, "Kuku si ana tumbo?" Likaisha.

Juma lile lile gunia liliteremshwa kutoka kwenye basi la Wajir. Alikuwa amekwenda mwenyewe kwenye visima vya zamani, amekwangua udongo wa chumvi kwa jembe, ameukausha na kuuchekecha. Mwanamke wa umri wake, kwenye jua lile. Ulikuwa mweupe wenye kijivu, mzito, mchungu ukiuweka ulimini. Ilikuwa chumvi ya ngamia hasa. Nilikaa juu ya gunia lile nikalia kidogo, kwa sababu niliona kwamba mama yangu amepata kazi tena.

Karatasi ya afisa ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa banda. Nilipita mbele yake na bakuli mkononi. Sikupima kwa kijiko. Nilipima kwa mkono, kama tulivyopima, makonzi mawili makubwa kwa ndoo, kwenye chakula ambacho tayari kilikuwa na dagaa wa chumvi.

Siku ile kuku walikunywa maji. Nilijaza vyombo vya maji mara nne, na kila nikivijaza walisukumana. Nikampigia mama kabla ya adhuhuri.

"Wanakunywa?" aliuliza kabla hata ya salamu.

"Wanakunywa sana, hooyo."

"Alhamdulillahi! Dawa inafanya kazi. Ngamia akilamba chumvi hunywa kisima kizima, halafu anakula, halafu mwili unarudi. Usiwakatishe. Kesho ongeza."

Siku ya pili niliongeza. Maranda ya mbao niliyowatandikia chini yalikuwa yameloa, kinyesi chao kimekuwa maji matupu. Mtu mwingine yeyote angeshtuka. Mimi sikushtuka, kwa sababu ngamia naye akipewa chumvi huharisha kwanza, na wazee wetu husema tumbo linajisafisha. Kila dalili ya sumu niliisoma kuwa dalili ya uponyaji. Ningekuwa mjinga kabisa, mtu wa mjini asiyejua mnyama, ningekimbilia kwa afisa siku hiyo hiyo. Elimu yangu ndiyo iliyonifunga miguu.

Asubuhi ya tatu, baada ya sala ya alfajiri, nilifungua mlango wa banda na hakuna aliyekuja kwangu. Walikuwa wamelala kifudifudi, midomo wazi, wanahema. Wengine walikuwa wamekwisha. Nilimnyanyua mmoja, tumbo lake likacheza mkononi kama mfuko wa maji. Nikamwita afisa kwa simu na sikumbuki nilisema nini.

Alikuja na tuktuk, amevaa viatu vya nyumbani. Alimpasua mmoja wa waliokufa, na maji yakamwagika miguuni petu. Aliingiza kidole kwenye chakula, akakiweka ulimini, akatema.

"Dada," alisema, "umeweka nini humu?"

Nilimwonyesha gunia. Alilitazama, akaitazama karatasi yake mlangoni, kisha akavua miwani na kuifuta, ingawa haikuwa chafu. Alinieleza polepole kwamba kuku hana uwezo wa ngamia. Ngamia anaibeba chumvi na kuitoa. Figo za kuku ni ndogo na dhaifu, chumvi ikizidi maji yanamjaa, moyo unachoka. Kule kudonoa ukuta walikuwa wanatafuta chokaa tu, kwa ajili ya mifupa, tena kidogo. Unga wa mifupa ungeongezwa ukawatosha. Aliyasema yote hayo bila kunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Tulimwaga chakula, tukawapa maji safi kidogo kidogo. Waliendelea kufa siku ile na iliyofuata. Kibudu hakiliwi na hakiuzwi, kwa hiyo nilichimba shimo nyuma ya nyumba, nikalichimba tena kwa sababu la kwanza halikutosha. Wachache walioonekana wangali na nguvu niliwapeleka kwa mchinjaji, naye akawageuza mkononi, akanirudishia. Kufikia Ijumaa banda lilikuwa tupu. Nilifagia. Nilikuwa mfagiaji, kazi hiyo naijua.

Simu ya mama niliiacha ilie. Ilipozidi nilimwambia mtandao ni mbaya, nikakata. Ningesemaje? Kwamba mkono uliokwangua chumvi ile ndio uliomaliza kila alichobakiwa nacho? Nilijiambia nitamwambia wiki ijayo. Nikajiambia hivyo tena.

Hakungoja. Hakuwa na mnyama wa kumfunga Tarbaj, alipanda basi. Alishuka Garissa amejitanda shuka lake zuri, na nyuma yake utingo akiteremsha gunia la pili.

"Nimekuja kumwona ngamia wangu," alisema, akacheka.

Nilimleta mpaka kwenye banda kwa sababu sikujua pengine pa kumpeleka. Alisimama mlangoni akatazama sakafu iliyofagiwa. Alidhani wamechinjwa. Uso wake ulichanua kabisa, akasema, "Umewauza wote?" Nikasema hapana, hooyo, wamekufa. Kicheko kilimtoka usoni polepole. Aliuliza kwa nini. Nikafungua mdomo niseme kweli, na lililotoka ni joto.

"Joto," alisema. Aliliangalia jua, adui anayemfahamu. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitazamia: alinifariji. Alinishika kichwa, akasema ngamia naye hufa, watu hufa, Mungu ndiye hutoa. Akasema kosa si langu. Akasema bahati yetu ni kwamba dawa tunaijua, tungekuwa na kivuli tu tungefika. Alikaa kwenye mkeka akanywa chai yangu, na nilimwona amezeeka sana, na bado anapanga. Wale wengine watakuja lini? Safari hii tuwape chumvi tangu siku ya kwanza.

Ningeishi na uongo huo. Nasema wazi, ningeishi nao mpaka kaburini, na ningeuita huruma.

Ila nina jirani, mwanamke wa Kipokomo, anayefuga kuku wa nyama kama mimi upande wa pili wa ua wa miti. Yeye ndiye aliyekuwa akiniazima toroli. Siku ya pili ya mama pale, wakati wa asubuhi, nilikuwa naosha vyombo nikasikia mama anaongea Kiswahili chake cha sokoni, kile alichojifunza kwa wanunuzi wa mbuzi.

"Mama, wewe chukua hii. Hii ni dawa fizuri sana. Unaweka kwa chakula ya kuku, kuku inakunywa maji mingi, inakuwa kubwa. Ya binti yangu ilikunywa sana! Joto tu iliua."

"Asante mama, shukrani," jirani alisema. "Naweka ngapi?"

"Weka mingi. Usiogobe."

Nilitoka na mikono yenye povu. Jirani alikuwa ameshika kopo limejaa, anatabasamu. Nililichukua mkononi mwake, pengine nililipokonya, kwa sababu nusu ilimwagika. Nikamwambia, "Usiwape. Itawaua." Alinitazama, akamtazama mama, na kwa adabu zake akasema ameacha sufuria motoni, akaenda.

Mama alibaki amesimama. Kiswahili kile kifupi alikuwa amekielewa. Aliniuliza kwa lugha yetu, "Itawaua nini?"

Nikamwambia yote. Nilimwambia kuhusu kijiko na karatasi, kuhusu maji tumboni, kuhusu kidole cha afisa. Nilimwambia kosa ni langu, niliandikiwa nikadharau, yeye hakuiona karatasi. Nililirudia hilo mara kadhaa. Sidhani kama alilisikia. Aliketi chini pale pale kwenye chumvi iliyomwagika, shuka lake zuri likaingia vumbi, akawa anahesabu kitu kwa vidole, siku, nadhani.

"Siku ile uliponipigia," alisema, "nikakwambia dawa inafanya kazi, nikakwambia ongeza. Walikuwa hai?"

"Walikuwa hai."

"Wote?"

Ningeweza kudanganya tena. Alikuwa ananitazama kama mtu anayeomba adanganywe.

"Wote, hooyo."